Ada Imelipwa, Ndege Hairuki: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Urubani

Umefika uwanjani saa moja asubuhi, shati jeupe limepigwa pasi, jina lako limo kwenye ratiba, na adhuhuri inakukuta ungali kwenye kiti kilekile cha mapokezi. Leo ndege iko karakana. Kesho mwalimu ameitwa kwenye usaili wa kazi. Kesho kutwa mawingu yamelala juu ya uwanja. Mwezi unakatika ukiwa umeruka saa chache mno, ilhali ada ya awamu nzima ilishalipwa na nyumbani wanauliza utamaliza lini. Wanafunzi wengi wakifika hapo hunyamaza wakaendelea kulipa, au hulipuka siku moja mbele ya karani wa mapokezi asiye na uwezo wa kubadili chochote. Njia zote mbili zinakugharimu. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kudai unachostahili bila kuiweka rehani leseni unayoitafuta.

Ninaandika nikiwa na uwanja wa Wilson, Nairobi, akilini, kwa kuwa ndiko vilikojazana vyuo vingi vya ukanda wetu. Hata hivyo viwango ninavyovitaja vinatokana na Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944, na nchi zote za Afrika Mashariki zimo ndani ya mkataba huo. Uwe Dar es Salaam, Soroti au Kigali, hesabu ni karibu ileile.

Piga hesabu kabla ya kufungua kinywa

Leseni ya rubani wa biashara, ile ambayo kila mtu huiita CPL, kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, inataka saa 200 za kuruka, au 150 kama umesoma mfululizo katika kozi iliyoidhinishwa. Katika zile 200, saa 100 uwe wewe ndiye mwenye amri ya ndege, na iwemo safari moja ndefu isiyopungua kilomita 540, yenye kutua kwenye viwanja viwili tofauti. Leseni ya urubani binafsi, PPL, inayotangulia, ni saa 40.

Sasa chukua saa 200 uzigawe kwa kasi yako. Anayeruka saa 4 kwa mwezi atahitaji miezi 50, yaani zaidi ya miaka minne. Chuo kilichoandika kwenye tangazo lake kwamba utamaliza kwa miezi 18 kilipaswa kukurusha wastani wa saa 11 kila mwezi. Pengo hilo kati ya 4 na 11 ndilo dai lako. Ukienda ofisini ukasema "sirushwi vya kutosha," utajibiwa uwe na subira. Ukienda na namba mbili hizo, mtu atalazimika kufungua faili.

Pengo hilo lina bei pia, na ni vizuri uitaje. Mkono wa mwanafunzi husahau upesi. Ukikaa wiki tatu bila kuruka, somo linalofuata linaishia kurudia kutua ulikokwisha kukujua, na somo la marudio unalilipia wewe. Cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachohitajika kwa CPL, ni cha miezi 12. Kikiisha ukiwa bado unasubiri ndege, unarudi kwa daktari na kulipa upya. Matokeo ya mitihani ya nadharia nayo yana muda wake wa kutumika. Ucheleweshaji si kero ya moyoni tu. Ni pesa inayotoka, na inaweza kuorodheshwa.

Lakini uwe mwadilifu katika kuhesabu. Kuna mambo ambayo chuo hakiwezi kulaumiwa kwayo. Kuanzia Juni hadi Agosti Nairobi hufunikwa na mawingu mazito ya asubuhi, na mwanafunzi anayeruka kwa kuona kwa macho hawezi kuondoka. Wilson iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Jua likiwaka mchana hewa inakuwa nyepesi, na Cessna 152 yenye watu wawili na mafuta inapanda kwa tabu. Mwalimu anayefuta somo la saa nane mchana kwa sababu hiyo amekulinda, mshukuru. Tarehe za mitihani hupangwa na mamlaka ya usafiri wa anga, wala si chuo. Hata hivyo, mawingu ya Julai yanajulikana na kila aliyewahi kufanya kazi uwanjani hapo. Chuo kinachowapanga wanafunzi wote saa moja asubuhi katika mwezi huo, kisha kikasingizia hali ya hewa, kimekosea katika upangaji, na hilo unaruhusiwa kulisema.

Njia ya kutenganisha haya ni daftari. Kila siku uliyopangiwa kuruka andika tarehe, saa, ndege, kilichotokea, sababu uliyopewa, na aliyekupa. Mstari mmoja unatosha: "Jumanne, saa mbili asubuhi, Cessna 152, hatukuruka, ndege iko kwenye ukaguzi wa saa 50, hakuna ya badala." Baada ya mwezi jumlisha. Tuseme ulipangiwa mara 14, ukaruka 5. Hali ya hewa ilizuia 2, ndege mbovu 3, na mwalimu hakuwepo mara 4. Hapo umeshajua kwamba tatizo lako kubwa ni walimu kuliko ndege, na barua yako itajua pa kulenga.

Kuna hesabu nyingine ambayo ningependa kila mwanafunzi aifanye, hata kabla ya kujiandikisha. Uliza ni ndege ngapi zinaruka leo, usiulize ni ngapi zimo kwenye brosha. Ndege moja ya mafunzo, katika mwanga wa mchana, inaweza kutoa masomo kama matano kwa siku ikiwa mambo yote yamekwenda sawa. Chuo chenye ndege moja inayoruka na wanafunzi 40 kinampa kila mmoja somo moja kila baada ya siku nane. Hakuna mwalimu, hata awe hodari kiasi gani, anayeweza kuirekebisha hesabu hiyo, na hakuna ahadi ya meneja inayoweza kuifuta. Mara nyingi uchungu wa wanafunzi unaoonekana kama uzembe wa mtu fulani chanzo chake ni hicho: walisajiliwa wengi kuliko ndege. Ukikuta ndivyo, usipoteze nguvu kugombana na mpangaji wa ratiba. Dai lako liende kwa anayeamua idadi ya kusajili.

Ankara isomwe kwa saa, isisomwe kwa jumla

Katika kisanduku cha vyombo cha ndege ndogo kuna mita mbili zinazowasumbua wanafunzi. Ya kwanza ni Hobbs, ambayo kwa kawaida huanza kuhesabu injini ikishawaka. Ya pili ni tacho, inayofuata kasi ya mizunguko ya injini, kwa hiyo ndege ikitambaa taratibu kuelekea njia ya kurukia mita hiyo huhesabu polepole. Kisha kuna muda wa safari unaoandikwa kwenye logibuku yako, ambao kwa tafsiri ya ICAO unaanzia ndege inapoanza kusogea ili iruke hadi inaposimama kabisa baada ya safari. Somo moja linaweza kukupa namba tatu tofauti.

Fikiria foleni ya Wilson asubuhi yenye shughuli. Umekaa dakika 20 injini ikinguruma, ndege tatu ziko mbele yako. Kwa Hobbs umeshatumia theluthi ya saa kabla magurudumu hayajaacha lami. Je, umeibiwa? Inategemea mkataba. Kama mkataba unasema utatozwa kwa Hobbs, deni ni halali hata kama linauma. Kama unasema kwa tacho na ankara imeandikwa kwa Hobbs, umezidishiwa, na katika saa 200 tofauti hiyo ni pesa nyingi. Kama mkataba haukusema lolote, omba leo uandikwe.

Jizoeze kupiga picha mita zote mbili kabla ya kuwasha injini na baada ya kuizima. Picha ina tarehe na saa, haihitaji shahidi. Kila mwezi omba taarifa ya akaunti yako: umelipa kiasi gani, umeruka saa ngapi, kwa bei gani kila saa, na salio ni lipi. Angalia kama bei ya saa imepanda katikati ya awamu kwa kisingizio cha mafuta. Petroli ya ndege ni ghali kwetu na bei yake hubadilika kweli, lakini saa ulizokwisha kuzilipia kwa bei iliyokubaliwa ni zako kwa bei hiyo, isipokuwa mkataba uwe na kifungu cha kuruhusu nyongeza. Kisome kifungu hicho wewe mwenyewe, usisomewe.

Na sasa neno kuhusu kulipa kwa mkupuo. Chuo kitakupa punguzo ukilipa kozi nzima mapema, na mzazi aliyeuza shamba au kukopa kwenye sako atavutwa na punguzo hilo. Ninamsihi asilikubali. Februari 2008 Silver State Helicopters ya Nevada, Marekani, ilifunga milango ghafla na kufilisika, na wanafunzi wake wengi walikuwa wamekopa karibu dola 70,000 kila mmoja. Mwaka 2023 Tayside Aviation ya Dundee, Uskoti, nayo ilianguka ikiwa imeshapokea ada za watu. Hizo ni nchi zenye mahakama imara na wakaguzi wa kutosha. Chuo kikifilisika, mwanafunzi anapanga foleni pamoja na wadai wengine, nyuma ya benki. Salio lako chuoni lisizidi saa unazoweza kuziruka ndani ya mwezi mmoja. Na kuna faida nyingine: pesa ambayo hujailipa ndiyo sauti yako kubwa kuliko zote siku ya kulalamika.

Usalama ni dai la peke yake

Tarehe 5 Machi 2024, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Wilson, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iligongana angani na Cessna ya mafunzo. Dash 8 ilirudi na kutua salama. Watu wawili waliokuwa ndani ya Cessna, mwanafunzi na mwalimu, walifariki. Silitaji hili kumlaumu yeyote. Nalitaja kwa sababu anga unalojifunzia lina watu wengine, na kosa dogo lililonyamaziwa chini linaweza kukutana nao juu.

Kwa hiyo malalamiko ya usalama usiyachanganye kamwe na ya ada. Ukiandika barua moja inayodai marejesho ya pesa na pia kueleza kwamba breki za ndege fulani ni mbovu, msomaji ataona breki zimetumiwa kama silaha ya kudai pesa. Andika barua mbili, na ya breki itangulie, siku ileile.

Ukikuta kasoro wakati wa kukagua ndege, iandikwe kwenye kitabu cha hali ya ndege. Mwalimu akikuambia "hiyo iko hivyo siku zote, twende," una haki ya kujibu kwa heshima: "Kapteni, samahani, siko tayari kuruka mpaka hili liandikwe na fundi atie sahihi." Huenda akanuna. Utakosa somo siku hiyo. Rubani mzuri atakuheshimu zaidi kwa hilo, na yule asiyekuheshimu amekuonyesha kitu ulichohitaji kukijua kumhusu.

Kuna jambo moja hapa ambalo sitaki lipite. Wakati mwingine chuo kilichoshindwa kukurusha hukupa njia ya mkato: saa ulizokosa ziandikwe kwenye logibuku kana kwamba uliziruka. Saa za kalamu. Zikatae, hata kama mwenzako amezikubali na anakaribia kumaliza. Logibuku yako italinganishwa na kumbukumbu za ndege, na namba za tacho hazisemi uongo kwa ajili ya mtu. Leseni iliyopatikana hivyo inaweza kufutwa, na kabla haijafutwa utakuwa umekaa mbele ya abiria ukidai uzoefu usio nao. Tukio kama hilo ni la kuripotiwa kwa mamlaka moja kwa moja. Kiambatisho cha 19 cha ICAO kinazitaka nchi ziwe na mfumo wa watu kuripoti hatari kwa hiari, na kinataka anayeripoti alindwe.

Vivyo hivyo mwalimu anayekugusa, anayekutaka kimapenzi au kukutisha kwamba hatakupa sahihi ya kuruka peke yako mpaka ukubali jambo. Hilo halipitii kwa mpangaji ratiba wala halisubiri wiki mbili. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, omba kwa maandishi usipangiwe naye tena, na uripoti polisi. Nchini Kenya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamgusa mtu anayetumia mamlaka yake hivyo.

Barua, na mlango wa kuipeleka

Mazungumzo ya ana kwa ana yatangulie, kwa mwalimu wako kwanza, kisha kwa mkuu wa walimu wa urubani. Mambo mengi huishia hapo. Kuomba kubadilishiwa mwalimu ni jambo la kawaida kabisa na si matusi kwa mtu. Walimu vijana wengi wanafundisha ili wakusanye saa za kuwapeleka kwenye mashirika ya ndege, nao huondoka ghafla. Kinachopaswa kubaki ni faili lako la maendeleo, ambalo mwalimu mpya ataendelea nalo. Liombe ulione. Kama halijaandikwa tangu miezi mitatu iliyopita, umepata hoja nzito kuliko zote ulizoleta.

Baada ya mazungumzo, andika, kwa lugha iliyotumika kwenye mkataba. Kwa Kiswahili barua ingekaa hivi:

"Kwa Mkuu wa Chuo. Nilijiunga Januari kwa mkataba wa miezi 18. Hadi leo, miezi sita baadaye, nimeruka saa 24. Mwezi uliopita nilipangiwa masomo 14, nikaruka 5, sababu zimeambatishwa. Nimelipia saa 60. Naomba mambo mawili: ratiba ya maandishi ya saa zisizopungua 11 kwa mwezi kuanzia mwezi ujao, au marejesho ya saa 36 zilizobaki kwa bei niliyolipa. Nilizungumza na mkuu wa walimu tarehe 3. Naomba jibu ndani ya siku 14."

Hakuna tusi, hakuna "nitawaanika." Kuna ombi linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Itume kwa barua pepe na pia ipeleke kwa mkono, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kama mko wanafunzi sita wenye shida ileile, kila mmoja aandike yake yenye namba zake, zipelekwe siku moja. Barua sita zenye hesabu zina uzito kuliko barua moja yenye sahihi sita, na hakuna atakayeitwa kinara wa mgomo.

Siku 14 zikipita kimya, sasa ni mamlaka: KCAA kwa Kenya, TCAA kwa Tanzania, na wenzao kwingineko. Elewa wanachoweza. Chuo kinaendeshwa kwa idhini yao, na idhini hiyo imefungwa kwenye mwongozo wa mafunzo ambao chuo chenyewe kiliuwasilisha. Wanaweza kuja kukagua faili, ndege na walimu, na wanaweza kusimamisha idhini. Hawakusanyi madeni. Kwa pesa, nchini Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Dai kubwa zaidi ya hapo litafutie wakili, na ni bora umwone kabla ya kuandika barua ya pili.

Nyumbani waambie mapema. Najua ugumu wa kumpigia simu mzee aliyeuza ng'ombe na kumwambia mambo hayaendi. Wengi huficha mwaka mzima, wakisema "karibu, baba, karibu." Lakini mlipaji ni yeye, mkataba mara nyingi una sahihi yake, na mkuu wa chuo aliyekuwa akikupuuza wewe hubadili sauti akikalishwa na mzazi mwenye daftari lenye namba.

Ukiamua kuhama

Usitangaze unahama kabla hujashika karatasi zako. Kwanza hakikisha kila ukurasa wa logibuku umejumlishwa na kutiwa sahihi na mkuu wa walimu, pamoja na muhuri. Pata nakala za faili la maendeleo, vyeti vya nadharia, na taarifa ya akaunti ya tarehe hiyo. Piga picha kila kitu. Kuna vyuo vinavyoshikilia logibuku kwa sababu ya deni. Kama deni ni la kweli lilipe upate risiti, na kama linabishaniwa, andikia mamlaka ukieleza kwamba kumbukumbu zako za saa zimezuiwa.

Uliza mamlaka, kwa maandishi, saa zako zitahesabiwaje. Aliyekuwa kwenye kozi iliyoidhinishwa ya saa 150 akikatisha katikati anaweza kujikuta anahesabiwa kwa kipimo cha 200. Chuo kipya nacho kitataka safari ya kukupima kabla ya kukupanga, na pengine kukurudisha nyuma masomo kadhaa. Hilo ni la haki ikiwa hukuruka kwa muda mrefu, mradi waeleze ni masomo gani na kwa nini. Kama uko Marekani kwa viza ya M-1, kuwa mwangalifu zaidi: kuhama chuo kunaruhusiwa kwa kawaida ndani ya miezi sita ya kwanza tu, kwa hiyo uchunguzi wako wa daftari lazima uanze wiki ya kwanza.

Kabla ya kujiandikisha kwingine, nenda siku ya kazi bila miadi. Zihesabu ndege zilizo hewani na zilizo karakana. Kaa na wanafunzi kwenye kantini, mbali na ofisi, uwaulize waliruka lini mara ya mwisho. Mwulize mkuu wa walimu ni wangapi walipata CPL mwaka jana na kila mmoja alichukua miezi mingapi. Omba mkataba uende nao nyumbani usiku mmoja. Kisha, kama umeridhika, lipia saa kumi.